Kolajeni ninayokunywa kila asubuhi huenda wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 52 na magoti yananisumbua, hasa nikipanda ngazi. Mwezi wa nne huu nakunywa unga wa kolajeni kila asubuhi, kwa sababu niliambiwa gegedu la goti ni kolajeni, kwa hiyo nalirudishia kile lilichopoteza. Binti yangu anasoma biolojia chuoni na ananicheka. Anasema tumbo halitofautishi kolajeni na yai, vyote vinavunjwavunjwa, kwa hiyo nakunywa yai la bei mbaya. Rafiki yangu naye anasema shida ni vimeng'enya, kwamba umri ukisonga vinapungua, ninunue vidonge vyake. Nami nina swali langu ambalo hakuna aliyenijibu: kama mwili unavunja kila protini ninayokula ndipo ujenge ya kwake, halafu hata hiyo ya kwake unaibomoa tena, taabu yote hiyo ya nini? Na ni kweli nikilala bila kula mwili unaanza kujila? Nina presha, natumia dawa, kama hilo lina uhusiano."

Mama, umeuliza mambo manne kwa mpigo, na zito kuliko yote ni hilo uliloliita lako. Nitalikalia zaidi, kwa sababu ukishalielewa, habari ya unga na ya vidonge itakuwa nyepesi. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa baiokemia, si daktari wa mifupa. Goti lako linahitaji mtu wa kulishika na kulikunja, na hilo halifanyiki kwa maandishi.

Tuanze na binti yako, maana kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Protini ni shanga zilizotungwa. Shanga zenyewe ni asidi amino, na aina zake ni 20 tu. Insulini yote ni shanga 51. Kolajeni ni kubwa zaidi: nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba, kila uzi una shanga zipatazo 1,000, na kila ushanga wa tatu ni glaisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwa sababu katikati ya msokoto ule hakuna nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Ushanga unapofungwa kwa mwenziwe, molekuli moja ya maji hutoka. Ukitaka kulifungua fundo hilo, unairudisha molekuli hiyo ya maji. Wanga hutungwa na kufumuliwa kwa njia hiyo hiyo, ila shanga zake ni glukosi. DNA pia. Mafuta hayatungwi kuwa uzi mrefu, lakini nayo hufungwa kwa kutoa maji na kufunguliwa kwa kuyarudisha.

Hapo mtu huuliza: kama maji ndiyo yanayofumua, mbona nyama ikilowekwa usiku kucha haiyeyuki? Kwa sababu fundo la protini ni gumu mno. Likiachiwa maji matupu, bila asidi wala joto, linaweza kukaa mamia ya miaka. Tumbo na utumbo vinaimaliza kazi hiyo kwa saa chache kwa kuwa vina vimeng'enya, na vimeng'enya vyenyewe ni protini zinazolishika fundo na kuliweka mahali ambapo maji yanalifungua upesi. Tumboni kuna pepsini, inayofanya kazi vizuri penye asidi kali. Katika utumbo mwembamba kuna tripsini na wenzake kutoka kwenye kongosho. Kongosho huvitoa vikiwa vimefungwa kufuli, navyo hufunguliwa vikishafika utumboni, la sivyo lingejisaga lenyewe. Hutokea, kwa bahati mbaya, na maumivu yake hayasahauliki.

Kinachobaki mwishoni ni shanga moja moja, pamoja na vipande vya shanga mbili au tatu, na hivyo ndivyo vinavyopita ukuta wa utumbo. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko kwenye sindano ya insulini. Mgonjwa wa kwanza wa kisukari alidungwa insulini huko Toronto mnamo Januari 1922, na hadi leo wanaoihitaji wengi wanaendelea kujidunga. Ingekuwa protini yaweza kumezwa ikafika kwenye damu ikiwa nzima, kuna mzazi gani angekubali kumchoma mwanawe sindano kila siku? Insulini ikimezwa huwa chakula tu.

Kwa hiyo kolajeni yako haitoki kwenye kikombe ikaenda gotini. Hilo lifute. Hata hivyo binti yako ameteleza mahali pawili.

Kwanza, kolajeni na yai si sawa, ila tofauti yenyewe haiusaidii unga wako. Yai lina asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Kolajeni haina triptofani, mojawapo ya hizo, hata chembe. Anayeutegemea unga huo kama chanzo chake cha protini anajipunja. Kwa hiyo hukunywa yai la bei mbaya. Umekunywa kitu kilicho chini ya yai.

Pili, si kila kitu huvunjwa hadi ushanga mmoja mmoja. Kolajeni ina ushanga wa ajabu uitwao haidroksiprolini, na vipande vya shanga mbili vyenye ushanga huo vimepimwa kwenye damu ya watu saa chache baada ya kunywa unga. Wapo wanaodhani vipande hivyo huziashiria seli zitengeneze kolajeni zaidi. Ni wazo la kuheshimiwa. Majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye maumivu ya magoti mengine yameonyesha nafuu ndogo, lakini mengi ni madogo na mara nyingi mlipaji ni muuzaji. Mimi sijashawishika. Sisemi haiwezekani.

Ila haidroksiprolini ina kioja chake, na mwambie binti yako akitafute kwenye vitabu vyake. Mwili hauwezi kuitumia kutungia kolajeni mpya. Ili ulione hilo, tutazame jinsi kutunga kunavyofanyika.

Mpangilio wa shanga umeandikwa kwenye DNA. Seli hunakili sehemu inayohitajika kwenye RNA mjumbe, na nakala hiyo hupelekwa kwenye ribosomu, ambayo husoma herufi tatu tatu na kuweka ushanga unaotajwa, shanga kadhaa kwa sekunde. Kila fundo linagharimu nishati, na si kidogo. Mpangilio huo hauna mzaha. Mnyororo mmojawapo wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, una shanga 146. Ushanga wa sita ukiwa valini badala ya asidi glutamiki, na mtoto akarithi kosa hilo kwa wazazi wote wawili, anaugua selimundu. Sasa, miongoni mwa maneno yote ya herufi tatu, hakuna hata moja linalosema "haidroksiprolini". Ribosomu huweka prolini ya kawaida, kisha vimeng'enya vingine huja kuichora juu kwa juu, uzi ukiwa umeshatungwa. Haidroksiprolini uliyoinywa imeshachorwa, na ribosomu haina pa kuiweka. Hivyo ushanga unaoitambulisha kolajeni ndio hasa usioweza kurudi kwenye kolajeni.

Uchoraji huo unahitaji vitamini C. Ikikosekana, nyuzi tatu hazisokotani sawasawa na kamba inakuwa dhaifu. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye, uliowaua mabaharia kwa maelfu kabla sababu yake haijajulikana. Fizi zilioza, meno yakang'oka, na jambo lililowatisha zaidi ni makovu: vidonda vilivyopona miaka mingi nyuma vilifumuka upya.

Hebu tulia hapo kidogo, mama, maana hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Kwa nini kovu la zamani lifumuke? Hakuna aliyelikata tena. Limefumuka kwa kuwa halikuwa limetulia hata siku moja. Kila siku kolajeni ya kovu ilikuwa ikibomolewa kidogo na kujengwa kidogo, na kwa kuwa mizani ilikuwa sawa, jicho liliona kitu kimoja kilichosimama. Vitamini C ilipokwisha, ujenzi uliyumba na ubomoaji ukaendelea kama kawaida.

Kabla ya miaka ya 1930, hata wanasayansi wengi waliuona mwili wa mtu mzima kama injini: chakula ni mafuta ya kuchoma, na injini yenyewe huguswa tu pale kipande kinapochakaa. Aliyeivunja picha hiyo ni Rudolf Schoenheimer, mzaliwa wa Berlin aliyehamia Marekani mwaka 1933 na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia. Aliwapa panya wazima, wasioongezeka uzito, asidi amino iliyotiwa alama ya nitrojeni nzito, aina ambayo hutenda kama nitrojeni ya kawaida ila uzito wake unapimika. Kwa picha ya injini, karibu yote ilipaswa kutoka kwenye mkojo. Baada ya siku tatu zaidi ya nusu ilikuwa imeshaingia ndani ya protini za panya, na sehemu ya nitrojeni ile ilikuwa imehamia hata kwenye asidi amino za aina nyingine. Panya hakuongezeka hata kidogo, lakini si panya yule yule.

Kwako wewe ni hivyo hivyo. Mtu mzima hubomoa na kujenga takriban gramu 250 hadi 300 za protini kwa siku. Huli kiasi hicho. Mahitaji ya kawaida ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 58 hivi kwa mtu wa kilo 70. Sehemu kubwa ya shanga hizo ni zako mwenyewe, zinafumuliwa na kutungwa tena. Chakula kinafidia zile zinazopotea njiani.

Taabu yote hiyo ya nini? Sababu ya kwanza ni uchakavu. Protini hupinda, huungua kwa oksijeni, nyingine hutoka kwenye ribosomu tayari zimekunjwa vibaya. Lakini hiyo si sababu kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayotajwa kila mahali. Kubwa ni kwamba protini nyingi ni amri, na amri lazima iwe na mwisho. Protini inayoiambia seli igawanyike isipoondolewa kwa wakati, seli itaendelea kugawanyika, na unajua hilo huitwaje: saratani. Ndiyo maana vipo vimeng'enya vinavyokaa dakika chache tu baada ya kutengenezwa kwa gharama yote ile. Ni kama kuwasha taa: unalipia kuwasha, lakini bila swichi ya kuzima hiyo si taa tena, ni kero.

Na ubomoaji wenyewe haufanywi kiholela. Seli huibandika protini iliyohukumiwa kijiprotini kidogo cha shanga 76, yubikwitini, kisha huisukuma ndani ya pipa linaloitwa proteasomu, ambamo hukatwakatwa. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kuufumbua utaratibu huu. Mizigo mikubwa, kama sehemu nzima za seli zilizochakaa, hupelekwa kwenye lisosomu, vifuko vyenye asidi na vimeng'enya vya kila aina. Kinachonishangaza kila nikikifundisha ni kwamba kumbandika mhukumiwa alama na kumsukuma pipani kunagharimu nishati pia. Kufungua fundo peke yake kungeweza kufanyika bure. Mwili hulipa kwa hiari yake ili uchague nani abomolewe na lini.

Kuhusu kulala bila kula, basi: mwili hauanzi kujila usiku. Haujawahi kuacha. Kinachobadilika ni mizani. Baada ya mlo mwili hujaza glaikojeni, akiba ya glukosi iliyotungwa yenye matawi mengi, gramu 100 hivi kwenye ini na nyingi zaidi kwenye misuli. Matawi hayo yana kazi: kila ncha ni mahali pa kufumulia, kwa hiyo ini linaweza kumwaga glukosi kwa haraka kutoka ncha nyingi kwa pamoja. Usiku mwili hutumia hiyo, pamoja na mafuta, na protini kidogo hugeuzwa glukosi. Asubuhi ukila, mizani inarudi. Akiba ya protini kama ile ya mafuta hatuna, kwa hiyo njaa ya siku nyingi inakopa kwenye misuli. Njaa ya usiku mmoja haina la kukutisha, isipokuwa kama una kisukari na unatumia dawa za kushusha sukari. Hapo ongea na daktari kabla ya kuruka mlo.

Sasa goti. Nimesema mwili unajijenga upya kila siku, na huenda umefurahi kwamba gegedu nalo linajengwa. Hapa sina habari njema. Kasi haziko sawa. Chembe nyekundu ya damu hukaa siku 120 hivi. Protini za lenzi ya jicho, zile za katikati, unazo tangu ulipozaliwa. Na kolajeni ya gegedu iko karibu na upande wa jicho. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, nayo ikaingia kwenye mimea na kwenye kila aliyekula. Watafiti nchini Denmark waliitumia kama muhuri wa tarehe, wakapima gegedu za magoti ya watu wazima, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba kolajeni ile iliwekwa wakati wa kukua na baada ya hapo karibu haibadilishwi, katika magoti mazima na hata katika yale yaliyoharibika. Gegedu halina mishipa ya damu na seli zake ni chache mno. Shanga zipo tele. Watungaji ndio hawapo. Hata kama kila tone la unga wako lingefika gotini, lingekuta kiwanda kilichofungwa tangu ulipomaliza kukua.

Ila maumivu ya goti na kiasi cha gegedu ni vitu viwili. Wapo wenye gegedu jembamba wasioumia, na kinyume chake. Misuli ya mbele ya paja, tofauti na gegedu, inajengwa na kubomolewa kila siku, na inaitikia kazi katika umri wowote. Misuli hiyo ikiwa na nguvu, goti linabeba vizuri zaidi. Mazoezi ya kuiimarisha, na kupunguza uzito kama umezidi, yana ushahidi mzito kuliko unga wowote ninaoujua. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha jinsi ya kuanza bila kulikera goti.

Vidonge vya vimeng'enya: rafiki yako amechanganya jambo la kweli na lisilo lake. Wapo watu ambao kongosho limeshindwa, na kwao vidonge hivyo, vyenye ganda la kuvikinga na asidi ya tumbo, ni dawa muhimu inayoandikwa na daktari. Dalili ni choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka sana, pamoja na kukonda. Hukuniandikia lolote kati ya hayo. Na vimeng'enya ni protini. Visivyo na ganda vitasagwa tumboni kama yai. Kwa vyovyote vile, kimeng'enya cha utumboni hakina safari ya kwenda gotini.

Sasa presha, uliyoitaja kama nyongeza. Kwangu mimi ndiyo sentensi iliyonifanya nisome barua yako tena. Shanga zinazochomwa badala ya kutungwa hubaki na nitrojeni isiyo na ghala. Ini huigeuza urea na figo huitoa. Figo nzima hazilalamiki kwa gramu chache za unga. Lakini presha ya muda mrefu huharibu figo kimyakimya, na figo zilizodhoofika hazitakiwi kuongezewa mzigo wa protini bila ushauri. Kama hujapimwa kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kwenye damu na protini kwenye mkojo ndani ya mwaka huu, pimwa, na umtajie daktari kwamba unatumia unga huo na kiasi chake.

Goti lenyewe lionwe karibuni, kwa utaratibu wa kawaida. Usisubiri utaratibu ikiwa litavimba ghafla likawa jekundu na la moto, hasa kukiwa na homa. Au likikataa kubeba uzito wako, au likikwama lisikunjuke baada ya kuteguka. Hapo nenda siku hiyo hiyo.

Unga uliobaki kwenye kopo, figo zikionekana nzima, maliza ukipenda, haukudhuru. Usinunue jingine kwa ajili ya goti. Na kabla binti yako hajacheka tena, muulize kwanza ni herufi gani tatu zinazotaja haidroksiprolini.